Thelathini na Sita Nukta Nane

Shemeji yangu ni mtu wa kupendeza, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ukimkosoa anacheka. Anakununulia soda, anakuita "shemeji kipenzi," na kabla soda haijaisha umeshasahau ulikuwa unamgombeza kwa lipi. Mimi karama hiyo sina. Nikiona kosa nalisema pale pale na kwa sauti, ndiyo maana ofisini wamenibandika jina la Pasi. Eti nikipita mahali panabaki pamenyooka lakini pananuka kuungua. Na waseme.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la rangi. Vyumba viwili, meza nne, na feni moja inayolia kama inaonewa. Tunaandika programu za kompyuta. Mkubwa wetu tunamwita Bwana Kijani, kwa sababu hataki kabisa kuona maandishi mekundu kwenye skrini ya mteja. Kwake yeye programu nzuri ni ile isiyolalamika. "Mteja akiona wekundu anaingiwa na hofu," hutuambia. "Kosa likitokea, limezeni. Onyesheni namba mliyokuwa nayo mwanzo, kazi iendelee." Nimebishana naye juu ya hilo mpaka sauti ikanikauka, na nimeshindwa kila mara.

Kazi yenyewe ilitoka hospitalini, wodi ya watoto njiti. Kule kuna vitanda saba vya joto, vile vya kioo, mtoto analala ndani kama yai. Kila kitanda kina hita yake na kipimajoto chake, na nyaya zinatoka kitandani mpaka mezani kwa sista. Pale kuna skrini yenye namba saba. Namba ikishuka, king'ora kinalia na sista anakimbia. Programu iliyokuwa ikifanya hivyo ilikuwa ya zamani, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo siku hizi hata kuisoma ni shughuli, na mashine yake ilikuwa mbioni kufa. Tukapewa kazi ya kuihamishia kwenye lugha mpya. Bwana Kijani akampa shemeji.

Mke wa shemeji ni mdogo wangu, na wakati huo alikuwa mjamzito. Shemeji akiwa katikati ya kazi hiyo, mtoto akaja kabla ya miezi yake. Mtoto wa kiume, mdogo jamani, unaweza kumweka kwenye kiganja akabakisha nafasi. Tukamwita Kifurushi. Akalazwa wodi ile ile, kitanda cha nne, na Jumapili iliyofuata baba yake akaja na programu yake mpya akaiweka kwenye mashine mbele ya mwanawe.

"Shemeji," aliniambia siku hiyo, kichwa kimemvimba, "nitajie baba mwingine aliyemwandikia mwanawe mlinzi kwa mkono wake mwenyewe."

Nilimwombea heri. Lakini nilikuwa nimeshagombana naye kabla, tena vikali, juu ya lugha aliyoichagua.

Ngoja nieleze, na usiyejua kompyuta usikimbie, ni mambo ya jikoni tu. Programu imejaa majina. Kuna jina la kazi: ukiliita, kitu kinafanyika. Kuna jina la kitu: ukiliita, unapewa kilichomo ndani. Sasa kila lugha ina tabia yake ya kuyatunza majina hayo. Lugha ile ya zamani ilikuwa na rafu mbili, moja ya kazi na moja ya vitu, kwa hiyo jina moja liliweza kukaa kwenye rafu zote mbili na pasiwe na ugomvi. Kuna lugha nyingine huyavisha majina kofia, ukiona alama ya mbele unajua hii ni namba, hii ni orodha. Halafu iko ninayoipenda mimi. Hiyo lazima uitangazie mapema kila jina ni la nini, na ukijaribu kulitumia vingine inagoma kabla kazi haijaanza. Na mwisho iko lugha ya shemeji, ambayo ina msumari mmoja ukutani kwa kila jina. Ukitundika kitu cha pili, cha kwanza kinaanguka, na haisemi neno.

"Kwa kitu cha watoto chukua lugha kali," nilimwambia.

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Lugha yako ni mama mkwe, shemeji. Mtu huvuki mlango, umetoka wapi, ulikuwa na nani, mbona umechelewa. Yangu mimi ni mjomba. Mjomba hana neno."

Bwana Kijani naye akadakia kwamba lugha yangu ingechelewesha kazi. Wakanizidi, wawili kwa mmoja. Nikarudi kwenye meza yangu nimenuna, na shemeji akaniletea soda.

Jumapili ile walizijaribu mashine zote, sikatai. Wakaenda kitanda baada ya kitanda. Wanawasha, namba inatokea, sista anampima mtoto kwa kipimajoto cha mkono, zinalingana, wanapiga makofi, wanasogea kitanda kinachofuata. Zote saba zililingana. Uongozi wa hospitali ukafurahi, ukasema sasa hakuna haja ya masista wawili kwa zamu, wala ya kupima kwa mkono mara kwa mara. Sista mmoja akahamishiwa kwingine. Akabaki mmoja na skrini.

Kuanzia Jumatatu nikawa nakwenda kila siku saa ya chakula cha mchana. Mdogo wangu alikuwa bado dhaifu, amelazwa chumba cha jirani na wodi, namsogezea uji na maneno mawili matatu. Shemeji alikuwa amechukua likizo, anashinda kwenye benchi mbele ya meza ya sista, macho kwenye skrini kama mtu anayetazama mpira.

Pale kwenye benchi ndipo nilipomkuta Bibi. Mjukuu wake alikuwa kitanda cha saba, cha kona, mdogo kuliko wote, na mama wa mtoto yuko ghorofa ya juu, amefanyiwa upasuaji, hajaweza hata kukaa. Hajamwona mwanawe. Bibi ndiye anayepanda na kushuka ngazi kati yao, goti moja linamsumbua, macho yana ukungu, na mdomo haujui kulala.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye dada mkali? Huyu baba ameshanisimulia." Halafu akamgeukia shemeji. "Baba, nisomee basi, macho yangu yamestaafu kabla yangu. Mjukuu wangu yuko ngapi?"

"Thelathini na sita nukta nane, Bibi. Anapeta!"

"Thelathini na sita nukta nane," Bibi akarudia polepole, anaifunga kichwani. "Nampelekea mama yake. Nikimpa namba hii anakubali kula. Bila namba hagusi hata maji." Akashika ukuta, akaanza kupanda ngazi.

Shemeji akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Na haki ya nani, siku ile hata mimi nilimwonea fahari.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano nikafika, nikamkuta Bibi anashuka.

"Baba, nisomee."

"Thelathini na sita nukta nane."

Bibi akacheka, akapiga kofi pajani. "Tena? Jana nukta nane, juzi nukta nane, asubuhi nukta nane. Mtoto mtulivu huyu! Kamtoa babu yake. Babu yake naye ukimkuta kwenye kiti asubuhi, jioni yuko kwenye kiti."

Tukacheka wote, hata sista. Mimi nilicheka nikaishia katikati. Nikaitazama skrini. Kitanda cha nne, Kifurushi wetu: thelathini na sita nukta sita.

"Shemeji, jana Kifurushi alikuwa ngapi?"

"Nukta sita." Alikuwa akinionyesha simu yake, ana picha za skrini tele, amezituma kwa ukoo mzima. "Mtoto wa kiume huyo. Msimamo."

Mtoto wa binadamu hana msimamo. Akilia anapanda, akikojoa anashuka, mlango wa kioo ukifunguliwa anashuka tena. Nilitaka kusema. Lakini mdogo wangu aliniita kule ndani, nikamlisha uji wake, tukazungumza ya nyumbani, na nikaondoka bado naiwaza ile nukta sita. Njiani nikajiambia ni wivu wa kazi tu huo, Pasi, tulia.

Ofisini nikamkuta mteja ananisubiri, mtu wa maswali, hana pa kwenda. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Alipoaga tu nikafungua programu ya shemeji, na sikuomba ruhusa ya mtu.

Sikutafuta sana. Kwenye programu ya zamani, kazi ya kusoma kipimajoto ilikuwa inaitwa "joto," na namba inayosomwa nayo ilikuwa inaitwa "joto." Kule kwenye rafu mbili haikuwa na neno. Shemeji alikuwa ameihamisha mstari kwa mstari, kwa uaminifu, majina yale yale, kwenye lugha yenye msumari mmoja.

Nikapitisha kidole kwenye skrini nikiisoma kwa sauti. Kitanda kinawashwa, kila kimoja na nakala yake ya programu. Programu inaita "joto," kazi inafanyika, kipimajoto kinasomwa, namba sahihi inarudi. Namba hiyo inatundikwa kwenye msumari wa "joto." Kazi inaanguka chini. Dakika inayofuata programu inaita "joto" tena, na pale msumarini hakuna tena anayejua kusoma kipimajoto, kuna namba tu, na namba haiwezi kufanya kazi. Kosa linatokea. Na kosa likitokea, kwa amri ya Bwana Kijani, linamezwa. Inaonyeshwa namba iliyokuwepo mwanzo.

Kila kitanda kilisema kweli mara moja tu, Jumapili, kilipowashwa. Basi. Tangu hapo skrini ilikuwa picha.

"Bwana mkubwa!" nilipiga kelele. Akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaivua.

"Una hakika? Tusiwatie watu kiwewe bure, Pasi. Tukae kwanza, tuandike taarifa nzuri..."

"Taarifa?" Nilikuwa nimeshasimama, nimeshika simu. "Taarifa gani, mzee? Kuna watoto saba kule hakuna anayewaangalia!"

Mashine za hospitali hazikuunganishwa na mtandao wa nje, kwamba labda ningezizima na kuziwasha kutoka pale. Ilibaki simu tu. Nikampigia shemeji.

Akapokea kwa furaha zake. "Shemeji kipenzi! Umesahau bakuli lako la uji."

"Uko wapi?"

"Si hapa hapa, kwenye benchi. Na leo utanyoosha mikono juu, mjomba wangu amekuaibisha. Ulipotoka tu umeme ukakatika. Taa zikazima, jenereta ikachelewa wee, sista akawa roho juu juu. Lakini kompyuta ina betri yake, na namba hazikutetereka hata moja. Thelathini na sita nukta sita. Hata kidogo!"

Nikaketi chini. Sijui niliketi juu ya nini. Vitanda vile nilikuwa navijua, nilisoma maelezo yake kabla ya kazi kuanza. Ni vya zamani. Umeme ukikatika hita inazima, na umeme ukirudi hita haijiwashi, lazima mtu aibonyeze. Sista hubonyeza anaposikia king'ora. Hakuna king'ora kilicholia, maana watoto wote saba walikuwa wazima kwenye skrini.

"Nisikilize," nikamwambia. "Inuka. Nenda kitanda cha nne. Ingiza mkono umguse mtoto."

"Aa, shemeji, sista haruhusu. Lazima ninawe mikono kwanza, nivae..."

"Ingiza mkono!"

Bwana Kijani alimwaga chai. Kwenye simu nikasikia benchi likilia, halafu hatua, halafu sista akisema, "Wewe baba, unakwenda wapi?" Halafu kidirisha cha kioo kikifunguliwa. Nilikuwa namwomba Mungu nionekane mjinga. Nilitaka acheke, anizodoe, aniletee soda mwaka mzima.

"Shemeji," akasema. Sauti haikuwa yake. "Ni wa baridi."

"Anapumua?"

"Ni wa baridi, shemeji. Na namba bado..."

"Achana na namba! Mwite sista! Hita zote zimezima, wote saba, mguseni kila mtoto kwa mkono!"

Simu ikaanguka, nadhani aliitupa. Nilisikia sista akipiga ukelele, halafu viatu vikikimbia.

Nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Kofia sikuvaa, bei sikuuliza. Dereva akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia kimbiza. Njia nzima nilikuwa naiona ile skrini, imetulia.

Nilipofika wodini mlango ulikuwa wazi, na tangu Jumatatu sikuwahi kuukuta wazi. Mdogo wangu alikuwa ameletwa amekaa kwenye kiti, gauni limefunguliwa kifuani, Kifurushi amelazwa ngozi kwa ngozi, wamefunikwa blanketi juu. Sista alikuwa amepiga magoti mbele yao ana kipimajoto cha mkono. "Anapanda," alisema bila kunitazama. "Taratibu, lakini anapanda." Mdogo wangu alikuwa anampulizia mwanawe pumzi kichwani. Halafu kile kichwa kidogo kikasogea, na sauti ikatoka, nyembamba, ya hasira.

Masista wengine walikuwa wameshaitwa kutoka wodi nyingine, kila mmoja ana mtoto kifuani. Mmoja, wawili, mfagizi naye alikuwa ameoshwa mikono akapewa wake. Nikahesabu kwa macho na nikakosa mmoja.

Shemeji alikuwa kwenye kona. Sista alipokuwa anahangaika na Kifurushi, kumbe yeye ndiye aliyepita kitanda baada ya kitanda, anabonyeza hita, anaingiza mkono, anaita, "Huyu bado anapumua! Huyu bado!" Cha kona kilikuwa cha mwisho. Alikuwa amesimama pale, mkono wa kulia bado umo ndani ya kidirisha, na daktari aliyekuwa kando yake alikuwa ameshavua kile kifaa cha masikioni, anakikunja.

"Baba," daktari alimwambia kwa upole, "toa mkono."

Akautoa. Daktari akavuta shuka ndogo mpaka juu, akaenda kumtafuta mkuu wa zamu, maana mambo kama hayo yana utaratibu wake, kuna mtu wa kuwaambia ndugu. Shemeji akanifuata mpaka kwenye benchi. Nilikuwa nimemwekea maneno, wallahi nilikuwa nayo mengi, nimeyapanga njia nzima kwenye pikipiki. Nilipouona uso wake yakapotea yote.

"Nilikuwa nimekaa hapa," akasema. "Hatua chache tu. Nilikuwa natazama."

Mezani skrini ilikuwa inawaka vile vile, kijani, namba saba. Vitanda vyote vilikuwa vitupu isipokuwa cha kona.

Ndipo tukasikia ngazi. Goti lile, ukuta ukishikwa, pumzi. Mkuu wa zamu alikuwa bado hajaja. Nikamtazama sista, sista akainamisha kichwa. Bibi akatokea mlangoni, ametabasamu, ana bakuli tupu mkononi.

"Kamaliza lote leo!" akatutangazia. "Kala lote mwanangu, na kesho wamesema atashushwa kwa kiti cha magurudumu aje kumwona. Nimemwambia atulie, mtoto hana haraka." Akatazama huku na huku kwa macho yake ya ukungu, akaona watu wengi, hakuwatambua. "Mbona leo mko wengi? Baba yuko wapi? Baba, nisomee, mama yake anasubiri. Yuko ngapi?"

Shemeji aliinuka. Akaitazama skrini. Nami nikaitazama. Kitanda cha saba: thelathini na sita nukta nane.

"Mbona kimya? Nukta nane tena, eti?"

Shemeji akamsogelea, akapokea lile bakuli, akaliweka chini, akamshika Bibi mkono kwa mkono wake wa kulia.

Bibi akashtuka, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaanza kuusugua.

"Lo, baba," akasema, "mbona mkono wako wa baridi hivi?"